Noti ya juu ya marehemu baba inanivunja sauti

Shikamoo shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimepwelewa sauti kwa mara ya tatu tangu nianze jambo hili. Nina miaka 38, nina mke na watoto wawili, na nimeimba kwaya tangu utotoni. Baba yangu alikuwa kiongozi wa teno, ile sauti ya juu ya wanaume, katika kwaya hiyohiyo kwa zaidi ya miaka 20. Alifariki mwaka jana.

Kuna wimbo ambao watu wakiusikia wanamtaja yeye. Kwenye ubeti wa tatu kwaya yote inanyamaza, kinanda kinanyamaza, anabaki peke yake. Mstari unapanda taratibu kutoka do hadi so ya juu, na pale kwenye so anakaa pumzi nzima kabla kwaya haijaingia. Nikiwa mtoto nilikuwa namwangalia kutoka benchi la mbele. Wengine wakipanda hunyanyua uso, yeye alikuwa anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika kwenye kiganja, na sauti inatoka tu.

Baada ya wiki 10 tunafanya kumbukumbu yake. Familia na kwaya walikubaliana wimbo ule uimbwe na mimi niongoze. Nilikubali palepale, mbele ya watu wote.

Shida ni kwamba so ile sina. Mwalimu wetu wa kwaya aliuandika wimbo upya akisikiliza kaseti ya zamani, akauweka kwenye ufunguo wa D, yaani do yake inaanzia noti ya D. Hapo mi ya juu naifikia bila wasiwasi. Fa naipata siku nzuri, kama nimelala vya kutosha. So inapasuka. Ama inakatika katikati kama kijiti kikavu, ama inatoka lakini ni kelele.

Nikaanza mazoezi kwa kutafuta video kwenye simu. Kila usiku watoto wakishalala naingia kwenye gari, napandisha vioo, naimba saa nzima. Naanza chini na "aaa", napanda nusu toni baada ya nusu toni, ile hatua ndogo kabisa kwenye kinanda, kwa nguvu, hadi pale inapokataa, halafu nasukuma hapohapo mara 15. Mwalimu mmoja wa kwenye video anasema sauti ni msuli, usipouma haukui. Koo likiwasha namumunya pipi za kutia ganzi, naendelea. Wiki ya pili nilidhani nimepata nusu toni. Wiki ya sita niliamka siwezi hata kumwita mtoto, na ilikuwa hivyo siku 3. Sasa asubuhi sauti inakwaruza hadi saa nne, na cha ajabu hata noti za katikati, ambazo sijawahi kuziwaza, zinatoka na upepo.

Mke wangu hajanikataza. Ila juzi aliniambia neno ambalo halinitoki kichwani: kila nikiimba mstari ule, anajikuta ameshika shingo yake mwenyewe.

Mwalimu wa kwaya alipendekeza tushushe ufunguo. Besi walinung'unika kidogo kwamba wao tayari wako chini, wakishushwa tena watabaki kunguruma. Lakini aliyefunga mjadala ni baba mdogo. Yeye ndiye mkubwa wetu sasa, na aliimba besi pamoja na baba miaka yote ile. Alisema kikaoni, "Wimbo wa kaka yangu haushushwi." Hakuna aliyefungua mdomo baada ya hapo. Kuna kijana wa miaka 22 kwenye teno, so ile kwake ni kama kunywa maji. Kila mtu anajua. Hakuna aliyemtaja, na mimi sijamtaja.

Shangazi, nieleze ukweli. Kuna mazoezi ya kunipa toni moja na nusu ndani ya wiki 10? Au niwaambie siwezi? Nikiwaza kusimama pale na kuushusha wimbo wa baba, naona kama namshusha yeye.

Mtoto wa Teno

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuondokewa na baba, na pole kwa huo mzigo uliopokea mbele ya watu kabla hujapata nafasi ya kuupima uzito. Nimefundisha watu kuimba kwa miaka mingi, na barua yako niliisoma mara mbili: mara ya kwanza kama shangazi, mara ya pili kama mwalimu wa sauti. Wote wawili wana la kusema, lakini mwalimu naomba atangulie, kwa sababu koo lako halisubiri.

Unasema so ndiyo inayokusumbua. Mimi kilichonishtua ni kale kasentensi ulikokapitia haraka, kwamba noti za katikati zinatoka na upepo. Ndani ya kikoromeo kuna mikunjo miwili ya nyama laini tunayoiita nyuzi za sauti. Kwa mwanamume mtu mzima ina urefu wa takriban milimita 17 hadi 25 tu. Mikunjo hiyo ikivimba haifungi sawasawa, hewa inapita pembeni, na ndiyo huo upepo unaousikia. So yako katika ufunguo wa D ni ile A iliyo juu ya C ya kati, yaani C iliyo katikati ya kinanda. Kuitoa ni kuzigonganisha nyuzi hizo mara 440 kila sekunde. Ukiishikilia sekunde 6 zimegongana zaidi ya mara 2,600. Rudia mara 15 unakaribia 40,000, kwa nguvu, usiku, baada ya kutwa nzima ya kuongea, na ganzi juu yake ili usisikie maumivu. Maumivu yalikuwa yanakuita, mwanangu, nawe ukayaziba mdomo.

Yule wa kwenye video alichanganya koo na mkono. Misuli ipo kwenye koo, ni kweli, na hujifunza. Lakini kinachogongana ni ule utando laini unaoifunika, na utando hauna faida yoyote na kuumizwa. Ukigongwa mahali pamoja kwa wiki nyingi unaweza kuota vinundu. Mara nyingi vinundu hupungua kwa kupumzisha sauti na kufundishwa upya namna ya kuitumia, lakini hiyo ni safari ndefu kuliko wiki zako 10. Kwa hiyo kabla ya zoezi lolote nakuomba uende kwa daktari wa masikio, pua na koo aangalie kwa kamera. Mwimbaji ambaye sauti imekwaruza wiki 2 au 3 bila kurudi hapaswi kukisia. Kifaa hicho kina asili inayonipa moyo kila nikiikumbuka: aliyeonyesha waimbaji namna ya kuziona nyuzi za sauti zikifanya kazi, mwaka 1854, alikuwa mwalimu wa kuimba, Manuel García, kwa kioo kidogo mdomoni na mwanga wa jua. Alitaka kujua wanafunzi wake wanafanya nini humo ndani. Wewe nawe una haki ya kujua.

Na kama siku yoyote sauti itakatika ghafla katikati ya kuimba, acha siku hiyohiyo, usijaribu hata mara moja zaidi. Huenda mshipa mdogo wa damu umepasuka.

Tuchukulie daktari amesema hamna jeraha, ni uvimbe tu. Unapumzika, unakunywa maji kutwa nzima, kwa sababu maji hayapiti juu ya nyuzi, huzifikia polepole kupitia mwili. Hunong'oni, maana kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha koo. Hukohoi ili kusafisha koo, unameza mate. Kisha unarudi, lakini kwa mlango mwingine.

Mlango uliokuwa unaupita ni huu: unachukua sauti nzito ya kifua na kuipandisha ngazi kwa mabavu. Noti hupanda nyuzi zinapovutwa zikawa ndefu na nyembamba, na kuna msuli wa kazi hiyo. Ile sauti nzito inashikiliwa na msuli mwingine, unaozifanya fupi na nene. Ukipayuka "aaa" kuelekea juu, misuli hiyo miwili inavutana kama watu kwenye kamba. Kwa wanaume wengi mvutano huanza jirani na D au E juu ya C ya kati. Wewe unafika mi, fa, kisha mmoja anaiachia kamba ghafla. Huko ndiko kupasuka unakokusikia. Kuongeza nguvu ni kuongeza mvutano.

Sasa fanya hivi. Chukua glasi ya maji na mrija. Chovya mrija kama sentimita 2, uimbe "uuu" ndani yake hadi mapovu yatoke mfululizo, halafu teleza taratibu kutoka noti ya chini kwenda juu na kurudi, bila kusimama popote. Mapovu yakikatika ujue umebana au umesukuma. Mwanasayansi wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, ndiye aliyelieneza sana zoezi la mrija, na sababu yake ni nyepesi: hewa iliyozuiwa mdomoni inarudi nyuma kidogo na kuzitenganisha nyuzi, hivyo zinagusana kwa upole hata juu. Kutetemesha midomo, "brrr", kunafanya kazi inayofanana. Na sisi tuna bahati ya ng' ya ng'ombe. Wako watu wanaofundishwa sauti hiyo wakiwa wakubwa. Wewe uliinyonya na maziwa. Shikilia ng' peke yake, mdomo wazi nusu, uitelezeshe kama king'ora, kwa sauti ndogo kiasi kwamba aliye chumba cha pili asisikie. Ukifika pale panapokatikaga, punguza. Usisukume. Pita kama unayenyata.

Jambo la pili, anzia juu ushuke. Tafuta noti nyembamba, ile sauti nyepesi ya kichwa ambayo wanaume wengi huionea aibu, uishushe kuelekea kwenye fa na mi yako bila kuifanya nzito mapema. Siku za kwanza itasikika kama ya mtoto. Iache. Uzito utauongeza baadaye, kijiko kimoja kimoja. Na chunguza irabu ya neno linaloangukia kwenye so. Kama ni a, kinywa kinafunguka sana na sauti inamwagika. Ipeleke kidogo kuelekea o, msikilizaji bado atasikia a. Dakika 10 hadi 15, mara 2 kwa siku, mwisho. Ile saa nzima garini iache kabisa.

Kila asubuhi, kabla ya lolote, imba kipande kifupi cha wimbo wa watoto, juu, kwa sauti ndogo kuliko zote ulizonazo. Sauti ikichelewa kuanza, au ikitoka hewa kwanza, nyuzi zimevimba na siku hiyo hakuna mazoezi. Ni mizani ya kuaminika kuliko hisia zako, kwa sababu hamu ya kufika inadanganya.

Uliuliza kama haya yote yatakupa toni moja na nusu kwa wiki 10. Nusu toni, naiona. Toni nzima, huenda, kama tatizo lilikuwa namna ya kuimba na wala si ukubwa wa koo. Lakini kuna tofauti kati ya noti unayoigusa ukiwa peke yako na noti ya kusimama nayo mbele ya watu. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wawe na noti moja au mbili juu ya ile watakayoimba hadharani. Na wewe hutasimama siku ya kawaida. Kilio hukaza koo palepale unapohitaji lilegee. Sijui kama umeshauimba wimbo huo mwanzo hadi mwisho ukalia. Kama bado, uimbe nyumbani kwanza, chini sana, ulie unavyotaka, mkeo akiwa karibu.

Mkeo huyo, kwa njia, amekupa kipimo kizuri kuliko video zako zote. Msikilizaji hubana koo lake mwimbaji anapobana la kwake. Siku ataposahau kushika shingo, utajua umepiga hatua, noti iwe ipi.

Hapa naomba sasa shangazi aseme.

Umeandika kuhusu baba yako jambo ambalo sidhani uliliona ulipokuwa ukiliandika. Alikuwa anainamisha kichwa. Wewe, nahisi, ukifika pale unanyanyua kidevu, shingo inajaa mishipa, unaifuata noti kana kwamba iko darini. Kidevu kikipanda kikoromeo nacho kinavutwa juu na njia inakuwa nyembamba. Mzee hakuwa anapanda popote. Alikaa pale alipo, akaiachia. Kwa hiyo kama ni kumfuata, una cha kumfuata hata kwenye mi, hata kwenye re.

Tena, una hakika baba yako aliimba so hiyo kwenye D? Mwalimu aliutoa ufunguo kwenye kaseti. Kaseti zina tabia zake. Ikirekodiwa kwenye redio yenye betri zilizochoka, mota inazunguka polepole. Ukiipiga baadaye kwenye redio nzima, kila kitu kinakwenda haraka na kinapanda. Ikizidi mwendo kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima umepanda nusu toni. Asilimia 12, toni nzima. Inaweza pia ikawa kinyume, aliimba juu zaidi ya hapo, nami sitaki kukupa tumaini la uongo. Lakini sikiliza mwanzo wa kaseti, kama kuna mtu anatangaza au anakohoa au anacheka. Mwite mtu anayeijua sauti ya mtu huyo, umuulize: huyu ndiye? Mbona anaongea haraka hivi? Sauti ya kuongea haimdanganyi aliyeizoea.

Na anayefaa kuulizwa ni baba mdogo. Hapo usiende na ombi la kushusha. Nenda na kaseti. Muulize siku zile nani aliwapa sauti ya kuanzia, kama kulikuwa na kinanda au mwalimu aliitoa mdomoni tu, na kama kila mara iliangukia palepale. Kwaya inayoanzishwa kwa mdomo huanza juu leo na chini kesho. Muulize pia yeye mwenyewe alisikia nini akiwa amesimama na besi, kaka yake yuko mbele peke yake. Alipofunga mjadala pale kikaoni, nadhani hakuwa anazungumza habari za ufunguo. Naye amefiwa, na huenda wimbo ule ndicho kitu pekee ambacho bado kiko vilevile. Ukimshushia wimbo bila kumsikiliza utamuumiza. Ukivunjika sauti mbele yake pia utamuumiza, ila hilo hajaliona bado, kwa sababu hajui kuhusu zile siku 3.

Tukishusha kwa toni moja, hadi C, so inakuwa pale ilipo fa yako ya sasa, ile ya siku nzuri. Tukishusha toni moja na nusu inakaa kwenye mi, ambako uko salama, lakini malalamiko ya besi yatakuwa ya kweli na wimbo unaweza kupoteza mng'ao. Unaweza kubaki D na kuimba so kwa ile sauti nyepesi ya kichwa; ikikaa vizuri ni nzuri mno kwa wimbo wa kumbukumbu, ikiteleza haina pa kujificha, na wapo watakaosema baba yake hakuimba hivyo.

Halafu yupo kijana wa miaka 22, ambaye umemleta mwenyewe kwenye barua bila kuulizwa. Nimejiuliza kwa nini. Labda ni wivu, na wivu wa hapo hauna aibu. Labda unamwona baba yako ndani ya sauti yake na inakuuma kwamba imekwenda kwa mtoto wa mtu mwingine. Koo si shamba, mwanangu, haligawanywi kwa ukoo. Inawezekana kabisa umbo la koo lako ni la upande wa mama na wewe ni baritoni, sauti iliyo kati ya teno na besi, uliyelelewa kwenye benchi la teno. Unaweza kumwachia mstari wote. Unaweza kuuanza wewe, kutoka do hadi mi, yeye akaupokea pale na kuipeleka so, wewe ukabaki chini yake umeshikilia mi. Noti hizo mbili zikikaa pamoja zinapendeza. Lakini jipime kama utaweza kusimama kando yake siku hiyo bila kujiona umeshindwa, kwa sababu ukijiona hivyo itasikika, na kijana atabeba hatia isiyo yake.

Usiamue wiki hii. Wiki hii ni ya daktari na ya kunyamaza. Ukimaliza hayo, keti na baba mdogo, wekeni kaseti, na kwenye simu yako weka programu ile ya kupimia noti ambayo wapiga gitaa hutumia. Isogeze karibu na spika ubeti wa tatu unapoanza. Kisha niandikie, uniambie ilisoma noti gani, na baba mdogo alisema nini.

Shangazi yako